Jina Moja Kwenye Lebo

Ukiishika santuri ya zamani ya bendi kubwa ya jazi na kuisoma lebo yake ya duara, utakuta jina la wimbo, jina la kampuni, namba ya santuri, na jina la kiongozi wa bendi likifuatiwa na maelezo kwamba anapiga pamoja na okestra yake. Maandishi kwa kawaida yanaishia hapo. Watu kumi na wanne au kumi na watano waliopuliza, waliocharaza na waliopiga ngoma siku ile studioni hawatajwi, na yule aliyekesha akiandika nani apige nini na wakati gani, mara nyingi naye hatajwi. Kwa miaka kadhaa niliusikiliza muziki huu kwa namna lebo zilivyonielekeza: nilimsikiliza Duke Ellington, nilimsikiliza Count Basie, nilimsikiliza Benny Goodman, kana kwamba kila mmoja wao alikuwa akipiga vyombo vyote peke yake. Kilichonizindua ni santuri iliyorekodiwa Chicago tarehe 15 Machi 1940, ambayo jina la mpigaji wa kawaida limeingia ndani ya jina la wimbo wenyewe.

Santuri hiyo ni "Concerto for Cootie". Ellington hakuliandikia tarumbeta. Alimwandikia Cootie Williams, ambaye alikuwa katika bendi yake tangu mwaka 1929. Williams anaanza kwa tarumbeta iliyozibwa, sauti ikiwa nyembamba na ya karibu sana, mfano wa mtu anayekunong'oneza jambo asilotaka jirani alisikie. Baadaye sauti hiyo inakwaruza na kunguruma. Kisha, katikati ya wimbo, ufunguo wa muziki unabadilika, kizibo kinaondolewa, na sauti iliyokuwa imebanwa muda wote huo inafunguka na kujaa chumba kizima. Nilipoirudia mara ya nne au ya tano ndipo nilipoelewa kwamba utunzi huu usingeweza kuandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, kwa sababu umejengwa juu ya vitu ambavyo midomo na mkono wa kushoto wa Williams vilijua kuvifanya. Katika karatasi za muziki za bendi yake, Ellington alikuwa na desturi ya kuandika majina ya watu mahali ambapo watunzi wengine huandika majina ya vyombo. Tangu nilipolijua jambo hilo, sijaweza tena kuzisikiliza santuri hizi bila kuuliza ni nani huyu anayepiga sasa.

Kabla sijaendelea na watu, lazima niseme kidogo juu ya chombo kilichowabeba. Santuri ya kawaida ya wakati ule ilikuwa na upana wa inchi 10, ilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande wake ulichukua muziki wa dakika tatu na kidogo. Kwa bluzi ya mwendo wa wastani, ambayo kila mzunguko wake una vipimo 12 vya mapigo manne, muda huo unatosha mizunguko kumi hivi tu. Mpangaji wa muziki aliyetaka kuwapa nafasi wapigaji wanne na bado abakize mahali pa bendi nzima kusikika, alilazimika kupima kila sekunde, na ndiyo maana katika rekodi bora za miaka ya 1930 hakuna kitu cha kujazia nafasi. Mpuliza saksafoni aliyepewa vipimo 12 alijua kwamba hivyo ndivyo vitakavyosikika na wasikilizaji wa nchi nzima. Waliojaribu kuvuka mpaka huo walikuwa wachache. Ellington alifanya hivyo mwaka 1935, baada ya kufiwa na mama yake, alipotunga "Reminiscing in Tempo" na kuigawa katika pande nne za santuri.

Jambo jingine la kiufundi lilibadilisha hata umbo la bendi zenyewe. Hadi mwaka 1925 studio hazikuwa na vipaza sauti vya umeme. Wanamuziki walijipanga mbele ya pembe kubwa iliyopeleka mtikisiko wa hewa moja kwa moja kwenye sindano ya kuchonga nta. Pembe hiyo haikuvumilia ngoma kubwa, na ilikaribia kuwa kiziwi kwa besi ya nyuzi, kwa hiyo kazi ya sauti ya chini iliangukia tuba, ambayo ina pumzi nzito na haiwezi kukimbia kwa muda mrefu. Umeme ulipoingia, besi ya kusimama ilianza kusikika, na polepole ikaitoa tuba. Mdundo mwepesi unaotembea mapigo manne bila kukwama, ule ambao kwetu sasa ndiyo alama ya swingi, yaani jazi ya dansi ya bendi kubwa, ulihitaji wapigaji wenye fikra mpya, lakini ulihitaji pia mashine ya kuwasikia.

Mtu ambaye naona amedhulumiwa kuliko wote na lebo za santuri ni Fletcher Henderson. Alifika New York mwaka 1920 akiwa na shahada aliyoipata Atlanta baada ya kusomea kemia na hisabati, na muziki ukawa ndio kazi iliyomfungulia mlango. Katika bendi yake, Don Redman aliyepuliza saksafoni ndiye aliyeanza kuliweka sawa jambo ambalo leo tunaliona la kawaida: kuligawa kundi la tarumbeta na tromboni upande mmoja, saksafoni na klarineti upande wa pili, kisha kuyafanya makundi hayo yaulizane na kujibizana, huku nafasi ikiachwa kwa mtu mmoja kusimama na kupiga anachokisikia moyoni. Mpiga tarumbeta Louis Armstrong alijiunga nao mwaka 1924 na kukaa takriban mwaka mmoja, na ukizisikiliza rekodi za kabla na baada yake utadhani bendi nzima imebadilisha damu. Kabla yake wapigaji wanaruka juu ya mapigo kama watu wanaopanda ngazi. Baada yake wanajifunza kuchelewa kidogo, kuegemea nyuma, na kuiacha noti moja iseme. Coleman Hawkins, aliyekuwa kijana katika safu ya saksafoni, alitoka katika mwaka ule akiwa mpigaji mwingine kabisa.

Henderson hakuwa hodari wa biashara, na bendi yake iliyumba mara kwa mara. Mwishoni mwa mwaka 1934 Benny Goodman alipopata nafasi katika kipindi cha redio cha kitaifa, alihitaji mipangilio mipya kila wiki, yaani karatasi zinazoonyesha nani apige nini na wakati gani, na Henderson akamuuzia ya kwake. Mmoja wao ulikuwa wa "King Porter Stomp", utunzi wa Jelly Roll Morton ambao bendi ya Henderson ilikuwa imekwisha kuurekodi zaidi ya mara moja. Goodman aliurekodi tarehe 1 Julai 1935, Bunny Berigan akifungua kwa tarumbeta yenye uzito wa kutisha, na santuri ikavuma. Mwezi uliofuata, tarehe 21 Agosti, bendi ya Goodman ilipiga katika ukumbi wa Palomar, Los Angeles. Safari nzima ya kuelekea magharibi ilikuwa imewavunja moyo, lakini kule California kipindi chao cha redio kilikuwa kikisikika mapema jioni na si usiku wa manane kama mashariki, kwa hiyo vijana waliujua tayari muziki huo na walikuja kuutafuta. Siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa enzi ya swingi. Ninamheshimu Goodman, alikuwa mpuliza klarineti wa daraja la juu, alilitaja jina la Henderson waziwazi, na alimpandisha jukwaani mpiga piano mweusi Teddy Wilson na mpiga vibrafoni Lionel Hampton wakati ambapo bendi zilizochanganya rangi hazikukubalika. Hata hivyo, ukizisikiliza rekodi za Henderson za "King Porter Stomp" kisha ukaisikiliza ya Goodman, utatambua ni mkono wa nani uliochora ramani.

Sasa nirudi kwa Ellington, kwa maana miaka ya 1940 na 1941 katika bendi yake ni chakula kisichoisha. Wageni wawili walikuwa wameingia. Jimmie Blanton, mpiga besi kijana aliyefika mwaka 1939, aliichukua besi ya kusimama ambayo wenzake waliitumia kuhesabia mapigo na akaifanya iimbe mistari mizima ya mahadhi. Ben Webster aliileta saksafoni ya tena, yaani ile yenye sauti ya chini kuliko alto na ya juu kuliko baritoni, ambayo bendi hii haikuwahi kuwa nayo kama sauti kuu, na rekodi yake ya "Cotton Tail" ya tarehe 4 Mei 1940 ni miongoni mwa zile ninazompa mtu anayeniuliza aanzie wapi. Webster anaanza solo yake kwa upole usiotarajiwa juu ya bendi inayokimbia, kisha anapandisha joto hatua kwa hatua hadi sauti inakwaruza. Kifungu ambacho saksafoni zote zinapiga kwa pamoja kuelekea mwisho kinasemekana kuwa kilitungwa na Webster mwenyewe, na kweli mizunguko yake inafuata namna yake ya kupumua.

"Ko-Ko", iliyorekodiwa tarehe 6 Machi mwaka huohuo, ni ya giza zaidi, na kwangu ndiyo kilele. Ni bluzi ya vipimo 12 katika ufunguo mdogo. Harry Carney anashika noti nzito chini kabisa kwa saksafoni ya baritoni, na Juan Tizol, mzaliwa wa Puerto Rico, anaingia kwa tromboni yake ya vitufe, sauti yake ikiwa kavu na safi. Baada yake anakuja Joe Nanton, ambaye wenzake walimwita Tricky Sam, akiwa na kizibulio cha mpira cha kuzibulia masinki, chombo cha nyumbani kabisa, na kwa kukifungua na kukifunga mbele ya mdomo wa tromboni anatoa sauti ya binadamu anayelalamika kwa lugha isiyo na maneno. Tromboni mbili, watu wawili, na hakuna sikio linaloweza kuwachanganya. Baadaye bendi inanyamaza ghafla mara kadhaa, na katika kimya hicho Blanton peke yake anajibu kwa besi. Kila mzunguko unaongeza tabaka juu ya uliotangulia, hadi dakika ya tatu inapokuwa nzito kiasi cha kukufanya usahau kwamba ulianza kusikiliza muda mfupi tu uliopita. Blanton alifariki dunia kwa kifua kikuu mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 23. Karibu kila tunachokijua kuhusu uwezo wake kimo katika rekodi za kipindi hicho kifupi.

Umahiri huu wa kuchanganya watu haukuanza mwaka 1940. Katika "Mood Indigo" ya mwaka 1930, Ellington aliwapanga wapulizaji watatu kinyume na desturi: tarumbeta na tromboni zilizozibwa zikae juu, na klarineti, ambayo kwa kawaida ndiyo huruka juu ya wengine, ishuke hadi chini kabisa mahali ambapo sauti yake inakuwa na rangi ya mti. Hizo ni noti tatu tu kwa wakati mmoja, na bado wasikilizaji wengi, mimi nikiwamo, tumetumia saa nyingi tukijaribu kuelewa kwa nini zinasikika kama chumba kizima.

Nyuma ya Ellington alikuwapo mtunzi na mpangaji wa muziki Billy Strayhorn, na hapa lebo inakuwa na utata zaidi, kwa sababu mara nyingi kazi za wawili hawa ziliungana hadi mpaka ukapotea. Walikutana Pittsburgh mwezi Desemba 1938. Mwanzoni mwa mwaka 1941, kutokana na mgogoro wa malipo kati ya vituo vya redio vya Marekani na chama cha watunzi ambacho Ellington alikuwa mwanachama wake, tungo zake zilizuiwa kupigwa redioni. Bendi iliyoishi kwa matangazo ya redio ilihitaji kwa haraka tungo za mtu ambaye hakuwa katika chama hicho, na Strayhorn hakuwamo. Hivyo ndivyo "Take the 'A' Train", iliyorekodiwa tarehe 15 Februari 1941 na kupewa jina la treni ya chini ya ardhi inayoelekea Harlem, ilivyokuwa wimbo wa utambulisho wa bendi na kubaki hivyo kwa miongo mitatu. Solo ya tarumbeta katika rekodi hiyo ni ya Ray Nance, aliyekuwa amekuja miezi michache kabla kujaza nafasi ya Cootie Williams, ambaye alikuwa amehamia kwa Goodman. Ilipendwa mno hata wapiga tarumbeta waliomfuata wakaendelea kuipiga karibu kama ilivyo. Tarehe 7 Novemba 1940, Nance akiwa mgeni kabisa, vijana wawili waliopenda muziki huu, Jack Towers na Dick Burris, waliirekodi bendi kwa mashine ya kubebeka katika ukumbi wa dansi mjini Fargo, North Dakota. Hakuna mpaka wa dakika tatu pale; watu wanacheza, bendi inapiga kwa furaha, na ndiyo nafasi adimu ya kusikia namna wapigaji walewale walivyopumua walipokuwa nje ya studio.

Kwa Count Basie mambo yalikuwa tofauti. Kwa Ellington kalamu ilimtafuta mpigaji. Kwa Basie, katika miaka ya mwanzo, wapigaji walikuwa ndiyo kalamu. William Basie alizaliwa Red Bank, New Jersey, akakwama Kansas City baada ya kundi la maonyesho alilosafiri nalo kuvunjika, akapitia bendi ya Walter Page na ya Bennie Moten, na Moten alipofariki mwaka 1935 akakusanya watu wake katika klabu ya Reno. Bendi ilikuwa na watu tisa na haikuwa na karatasi nyingi. Mtu mmoja alianzisha kifungu kifupi, mwenzake aliyekaa kando yake akatafuta noti inayokaa vizuri juu yake, upande wa pili ukajibu kwa kifungu kingine, na kama kiliwafurahisha wachezaji dansi kilikumbukwa kesho yake. Mwaka 1936 John Hammond, mtayarishaji na mwandishi wa muziki, aliisikia bendi hiyo kwenye redio ya gari lake akiwa Chicago, na maisha yao yakabadilika. Kabla yeye hajawafikisha kwenye kampuni aliyoikusudia, Basie alikuwa amekwisha kutia saini mkataba na Decca uliowapa dola 750 kwa pande 24 za santuri, bila mrabaha wowote. Ninapoisikiliza furaha iliyomo katika rekodi hizo, siwezi kuiondoa hesabu hiyo akilini.

"One O'Clock Jump", ya tarehe 7 Julai 1937, ni bluzi iliyokusanyika kwa namna hiyo ya pamoja. Buster Smith, mpuliza saksafoni ya alto aliyebaki Kansas City bendi ilipoondoka, alikuwa na mchango mkubwa ndani yake, lakini hakimiliki ilisajiliwa kwa jina la Basie peke yake. Basie anafungua kwa piano, kisha ufunguo unabadilika na watu wanaingia mmoja mmoja: Herschel Evans kwa saksafoni ya tena yenye sauti nene na ya moto, George Hunt kwa tromboni, halafu Lester Young kwa saksafoni ya aina hiyohiyo lakini yenye sauti nyembamba na ya baridi, ikielea juu ya mapigo bila haraka yoyote, na baada yake Buck Clayton kwa tarumbeta. Kuwaweka Evans na Young katika bendi moja kulikuwa sawa na kuweka mezani majibu mawili ya swali moja. Ukitaka kumjua Evans zaidi, itafute "Blue and Sentimental" ya mwaka 1938. Alifariki Februari 1939, kabla hajatimiza miaka 30. Vizazi vilivyofuata vya wapuliza saksafoni vilimfuata Young kwa wingi, na naona jambo hilo limemfunika Evans isivyo haki.

Chini ya wote walikaa wanne: Basie kwa piano, Walter Page kwa besi, Freddie Green kwa gitaa na Jo Jones kwa ngoma. Jones aliuhamisha mdundo kutoka ngoma kubwa ya mguu hadi kwenye matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa kanyagio, na mzigo wote ukawa mwepesi. Page alitembea na besi mapigo manne kwa kila kipimo. Green alijiunga mwaka 1937 na kubaki hadi alipofariki mwaka 1987, nusu karne akicharaza gitaa lisilounganishwa na umeme, karibu bila kupiga solo hata moja. Kumsikia ni mazoezi. Mara nyingi humsikii kabisa, unachokihisi ni kwamba kila pigo lina ukingo uliokatwa sawasawa. Jaribu kulisikiliza gitaa tu kwa mzunguko mzima, ukiyaacha mengine yapite, na utaelewa kwa nini wenzake waliona bendi isingekaa bila yeye. Basie naye alijifunza kuacha. Noti tatu, kimya, noti mbili, na wale watatu wanajaza pengo kwa kuendelea tu kutembea.

Chick Webb, mpiga ngoma aliyepinda mgongo kwa kifua kikuu cha mifupa na aliyeutawala ukumbi wa Savoy wa Harlem hadi alipofariki mwaka 1939, anakumbukwa zaidi kwa kumwinua Ella Fitzgerald, na hilo ni sawa, lakini katika bendi yake alikuwamo Edgar Sampson, aliyetunga "Stompin' at the Savoy". Webb aliirekodi mwaka 1934. Toleo la Goodman ndilo lililovuma, na jina la Goodman likaingia pia katika orodha ya watunzi. Sy Oliver aliifanyia bendi ya Jimmie Lunceford kazi ya aina hiyohiyo ya nyuma ya pazia, na "For Dancers Only" ya mwaka 1937 inatosha kumtambulisha.

Mary Lou Williams ninampa nafasi zaidi. Alikuwa mpiga piano wa bendi ya Andy Kirk iliyokaa Kansas City, na ndiye aliyeiandikia sehemu kubwa ya muziki wake bora. Isikilize "Walkin' and Swingin'" ya mwaka 1936: safu yake ya saksafoni inasogea kwa wepesi ambao bendi nyingi kubwa zaidi hazikuwa nao, na piano inajibu kwa maneno machache yaliyopimwa. Goodman alimwomba mipangilio, naye akamwandikia "Roll 'Em" mwaka 1937. Ellington naye baadaye alipiga kazi zake. Wasikilizaji waliocheza dansi kwa muziki huo kupitia redio hawakuwa na njia ya kujua kwamba aliyeandika kila noti ya saksafoni zile alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu.

Kuna kipindi ambacho hata lebo hazipo. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kiliwazuia wanachama wake wasirekodi hadi kampuni za santuri zikubali kuchangia mfuko wa wanamuziki. Decca ilikubali mwaka 1943. Victor na Columbia zilikaza hadi Novemba 1944. Dai la chama lilikuwa la haki, lakini hasara yake kwa masikio yetu ni kubwa. Mwaka 1943 bendi ya Earl Hines ilikuwa na wapigaji Dizzy Gillespie na Charlie Parker pamoja na waimbaji Billy Eckstine na Sarah Vaughan kwa wakati mmoja, na hakuna santuri hata moja ya kutuonyesha watu hao walikuwa wakibadilisha nini kila usiku.

Kwa msomaji wa Kiswahili, rekodi moja ya baadaye inastahili kutafutwa kwa makusudi. Mwezi Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, mpiga piano Randy Weston alikusanya bendi kubwa mjini New York kurekodi "Uhuru Afrika". Mshairi Langston Hughes aliandika maneno yake, na Tuntemeke Sanga kutoka Tanganyika anasikika akilisoma shairi la uhuru kwa Kiswahili, kwa sauti tulivu isiyo na pupa, kabla bendi haijaingia. Weston alichagua Kiswahili kwa kuwa alitaka lugha ya Kiafrika ibebe ujumbe huo. Ngoma zinapigwa na Max Roach, Babatunde Olatunji, Candido na wenzao. Katika safu za wapulizaji wamo Clark Terry, Freddie Hubbard na Yusef Lateef. Mipangilio yote ni ya Melba Liston, mpuliza tromboni aliyekwisha kupitia bendi za Gerald Wilson na Gillespie. Yeye ndiye aliyeyageuza mawazo ya piano ya Weston kuwa sauti za watu zaidi ya ishirini, na alijua, kama Ellington alivyojua, kwamba tarumbeta ya Terry si tarumbeta ya Hubbard. Serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini iliipiga marufuku.

Nimebakiza usiku mmoja, wa tarehe 7 Julai 1956, kwenye tamasha la Newport, Rhode Island. Kufikia wakati huo bendi nyingi kubwa zilikuwa zimevunjika, na hata ya Ellington ilikuwa ikihesabiwa kuwa imepita wakati wake. Alichagua kupiga "Diminuendo and Crescendo in Blue", kazi ya mwaka 1937 iliyokuwa imegawanywa katika pande mbili za santuri, na katikati ya sehemu hizo mbili alimwachia Paul Gonsalves wa saksafoni ya tena apige kadiri anavyotaka. Gonsalves alipiga mizunguko 27 ya bluzi akiwa na besi na ngoma nyuma yake, bila kupaaza sauti kwa nguvu na bila kutafuta noti za ajabu, akisukuma mbele tu, huku watu wakiinuka vitini na kuanza kucheza. Jo Jones, yule wa bendi ya Basie, alikuwa kando ya jukwaa akipiga mapigo kwa gazeti lililokunjwa ili kuwatia moyo wapigaji. Albamu iliyotokana na tamasha hilo ilimrudishia Ellington hadhi yake yote, na mwezi uliofuata picha yake ikawa kwenye jalada la jarida la Time.

Lakini Gonsalves alikuwa amesimama mbele ya kipaza sauti kisicho sahihi. Alikielekea kile cha redio ya Sauti ya Amerika badala ya kile cha kampuni ya Columbia, kwa hiyo katika albamu ile iliyouzwa kuliko nyingine zote za Ellington, mtu aliyeuwasha usiku huo alisikika kwa mbali, kama anayepiga akiwa chumba cha pili. Ilichukua miaka arobaini hadi mkanda wa redio ulipopatikana, na mwaka 1999 mikanda yote miwili ikaunganishwa katika toleo jipya. Nililisikiliza toleo hilo usiku, peke yangu, baada ya miaka mingi ya kulizoea lile la zamani. Saksafoni ilikuwa karibu, pumzi zilisikika, na kila mzunguko ulikuwa na mwanzo na mwisho wake. Wimbo ulipokwisha na umati ukapiga kelele, sauti ya Ellington ikapenya katikati yake ikilitaja jina la mpigaji, kisha ikalitaja tena: Paul Gonsalves, Paul Gonsalves.